Dhahabu nyeupe si platini: Jina la metali linavyopandisha na kushusha bei

Mwalimu mmoja wa shule ya upili kule Garissa ameniandikia swali ambalo, kwa maoni yangu, linastahili safu nzima. Kijana wake anaoa. Katika kutafuta pete ya bwana harusi, sonara alimwonyesha pete mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, zote nyeupe, zote zinameremeta. Ya kwanza aliiita "dhahabu nyeupe." Ya pili nayo, alipoulizwa, akasema, "Hiyo pia ni dhahabu nyeupe, lakini ile ya platini." Bei zikatofautiana. Mwalimu akabaki na maswali mawili: Je, hivi ni vitu viwili au ni kimoja chenye majina mawili? Na je, mwanamume Mwislamu, ambaye dini imemkataza kuvaa dhahabu, anaweza kuivaa pete hiyo?

Swali la pili sehemu yake kubwa ni la masheikh, nami sitawanyang'anya kazi yao. Lakini hakuna sheikh atakayetoa hukumu sawasawa kama jina la kitu chenyewe limevurugika. Kwa hiyo tuanze na jina.

Kijifedha kisichotakiwa

Neno platini tumelipata kutoka lugha za Ulaya, nazo zililipata kwa Wahispania. Kihispania kina neno plata, maana yake fedha, ile metali nyeupe tunayotengenezea pete na bangili. Ukiongeza kiambishi cha udogo unapata platina, yaani fedha ndogo, fedha hafifu. Kiswahili nacho kina mbinu hiyohiyo ya kudunisha: mtoto anakuwa kitoto, jitu linakuwa kijitu. Tungefuata njia ya Wahispania tungeiita "kijifedha." Tungesema "kifedha" tungejichanganya, maana neno hilo tayari limeshikwa na wahasibu na mawaziri wa fedha.

Kwa nini dharau hiyo? Wahispania waliikuta metali hii katika mchanga wa mito ya Chocó, nchi ambayo leo ni Kolombia, ikiwa imechanganyika na chembe za dhahabu. Walichotaka wao ni dhahabu. Hiki cheupe kiliwasumbua: hakikuyeyuka katika tanuri zao. Leo tunajua sababu. Fedha huyeyuka kwa nyuzi za Selsiasi 962 na dhahabu kwa 1,064, ilhali platini hungoja mpaka 1,768. Hakuna tanuri ya siku hizo iliyofika huko kwa urahisi. Baharia na mwanasayansi Antonio de Ulloa, aliyekuwa katika nchi za Andes na msafara wa Wafaransa wa kupima umbo la dunia, aliitaja platina katika kitabu chake cha mwaka 1748, naye aliieleza kama kikwazo kwa wachimba dhahabu.

Kulikuwa na jambo baya zaidi kuliko ugumu wake. Platini ni nzito kuliko dhahabu. Ukiijaza katika chombo cha sentimita moja ya ujazo, itakuwa na uzani wa gramu 21 na nusu hivi. Dhahabu itakuwa gramu 19.3, na fedha gramu 10.5 tu. Sasa fikiria kama mlaghai. Ukitaka kughushi dhahabu kwa kutumia shaba au fedha, mizani itakuumbua mara moja. Lakini ukitumia platini, kitu cha bei ya chini, mizani itanyamaza. Ndiyo sababu maofisa wa Kihispania waliamuru itupwe mitoni. Na ulaghai huo haukwisha: katika karne ya 19, huko Uhispania, zilitengenezwa sarafu za platini zilizochovywa dhahabu, zikapita mikononi mwa watu kama sarafu halali za Malkia Isabel II.

Hebu tuseme ukweli: hii ndiyo metali pekee niijuayo ambayo ilitumiwa kughushi kitu cha bei kubwa kuliko yenyewe, na leo mkusanyaji wa sarafu akiipata ile ya kughushi hufurahi.

Kutoka mtoni hadi maabara

Mageuzi yalikuja na viwanda. Mwaka 1800, Waingereza wawili, William Hyde Wollaston na Smithson Tennant, walinunua karibu aunsi 6,000 za platini ghafi kwa pauni zisizozidi 800. Piga hesabu: ni chini ya shilingi tatu kwa aunsi. Wakati huo aunsi moja ya dhahabu, kwa kiwango cha kiwanda cha sarafu cha London, ilikuwa karibu shilingi 78. Yaani platini ilikuwa haifiki hata moja ya ishirini ya bei ya dhahabu.

Wollaston hakuiyeyusha kwa moto. Aliiyeyusha kwa asidi, ule mchanganyiko mkali uitwao maji ya kifalme, akapata unga, akaushindilia, akauchoma, kisha akaufua kwa nyundo mpaka ukawa kipande kimoja kinachoweza kukunjwa na kuvutwa kama waya. Siri hiyo aliificha kwa miaka mingi. Alikuja kuieleza mwishoni mwa mwaka 1828, akielekea kaburini, na maelezo yake yakachapishwa mwaka uliofuata.

Wanunuzi wake hawakuwa mabibi harusi. Walikuwa wenye viwanda vya asidi ya salfuriki, waliohitaji masufuria makubwa yasiyoliwa na asidi. Wanakemia, waliohitaji vyungu vidogo visivyopasuka motoni. Na mafundi bunduki, waliotaka tundu la kuwashia baruti lisilochakaa. Hapo ndipo platini ilipoanza kupata heshima: kwa kazi yake, si kwa uzuri wake. Dhahabu ilipendwa kwanza, ikatumika baadaye. Platini ilitumika kwanza, ikapendwa baadaye.

Tena kuna jambo la kukumbuka tutakaporudi kwa sonara wetu. Akichunguza mabaki ya platini, Wollaston aligundua mwaka 1802 metali nyingine nyeupe, akaiita paladi. Paladi hiyo ndiyo mojawapo ya metali ambazo leo huchanganywa na dhahabu ya manjano ili igeuke nyeupe.

Nchi iliyojaribu kuifanya pesa

Miaka ya 1820 platini ilipatikana kwa wingi katika milima ya Ural nchini Urusi. Serikali ya mfalme Nicholas I ikajiuliza: tuifanyie nini? Jibu likawa: tuifanye sarafu. Kuanzia mwaka 1828 zilitolewa sarafu za rubo 3, kisha za rubo 6 na rubo 12. Ile ya rubo 3 ilikuwa na uzani wa gramu 10.35. Rubo moja ya fedha ilikuwa na gramu 18 hivi za fedha safi, kwa hiyo rubo tatu ni gramu 54. Gawanya 54 kwa 10.35, utaona kwamba serikali ilikuwa imesema, bila kutamka, kuwa platini ni sawa na fedha mara tano na kidogo. Dhahabu nayo wakati huo ilikuwa mara 15 na nusu ya fedha. Basi platini ikakaa katikati: theluthi moja ya dhahabu.

Lakini bei ya kuamriwa si bei ya soko. Thamani ya platini huko nje ilikuwa ikiyumba, nayo serikali iliogopa kwamba wajanja wataleta sarafu za kughushi kutoka ng'ambo. Mwaka 1845 sarafu hizo zilikomeshwa na kurudishwa hazina. Zaidi ya vipande milioni 1.3 vya rubo 3 vilikuwa vimeshatolewa. Baada ya hapo hakuna taifa lililoifanya platini kuwa pesa ya kila siku. Na kwa kuwa haikuwa pesa, haikusafiri na misafara. Na kwa kuwa haikusafiri na misafara, haikuacha jina lolote katika lugha zetu.

Fedha iliyotufikia sisi

Linganisha na metali iliyotufikia. Katika maeneo yanayoanzia Barawa na Kismayu, kupanda Mto Juba mpaka Luuq, hadi nyika ya Wajir, Mandera na Moyale, bidhaa zilikuwa pembe, ngozi, mifugo, ubani na manemane. Malipo yalikuwa nguo na fedha. Fedha yenyewe ilikuwa riale yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini riale zake ziliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baadaye, zote zikiandikwa mwaka huohuo wa 1780, kwa sababu wateja wa pande zetu na za Uarabuni walikataa nyingine. Uzani wake ni gramu 28.07, na ndani yake mna gramu 23.39 za fedha safi.

Sasa tazama lugha. Fedha katika Kiswahili ni metali, na pia ni pesa. Limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni ile metali. Birr, sarafu ya Ethiopia inayobadilishwa kila siku Moyale, ni neno la Kiamhari lenye maana ya fedha, metali. Rupia, iliyotawala Kenya hadi mwaka 1920, asili yake ni neno la Kisanskriti la fedha iliyofuliwa. Plata ya Wahispania, katika Amerika ya Kusini, ni pesa pia. Lugha nyingi, wazo moja: fedha ndiyo pesa.

Hata mizani yetu ilizaliwa hapo. Wakia, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, ilikuwa uzani wa riale moja, takriban gramu 28. Tola, ambayo masonara wetu bado wanaitumia, ni gramu 11.66, uzani wa rupia moja. Mtu aliyekuwa na rupia na riale mfukoni alikuwa pia na mawe ya mizani.

Lakini fedha hiyo iliwaponza walioiamini. Mwaka 1870 aunsi ya fedha London ilikuwa pensi 60 na nusu. Kuanzia 1871 Ujerumani, na kuanzia 1873 Marekani, zikaelekea kwenye dhahabu na kuiacha fedha. Fedha ya kuuza ikajaa sokoni. Kufikia mwaka 1902 bei ilikuwa pensi 24 hivi. Kwa hesabu ya metali yake tu, riale ya Maria Theresa iliporomoka kutoka pensi 49 hadi chini ya pensi 20.

Rupia ilinusurika kwa njia nyingine. Mwaka 1893 serikali ya India ilifunga viwanda vya sarafu kwa umma, na baadaye rupia ikashikiliwa kwenye pensi 16. Kwa uzani wa fedha safi, riale moja ni sawa na rupia mbili na moja ya tano hivi. Lakini kwa bei ya mwaka 1902, fedha iliyomo ndani ya riale haikufika thamani ya rupia moja na robo. Mwenye kuweka akiba yake kwa riale, au kwa bangili nzito za mkewe, alikuwa ameumia bila kuibiwa hata punje. Mizani ilisema vilevile. Jina lilikuwa lilelile. Kilichobadilika kilikuwa mbali sana, huko Berlin, Washington na London.

Mwishowe jina likabaki, metali ikaondoka. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha. Robo tatu zilikuwa metali nyingine. Leo sarafu zetu hazina fedha hata kidogo, na nyingi ya pesa zetu ni tarakimu ndani ya simu. Bado twasema "sina fedha." Hakuna anayetushtaki kwa uongo, maana sote tunajua kwamba neno limehama.

Turudi kwa sonara

Hapa ndipo swali la mwalimu linapouma. Neno fedha limehama na kila mtu anajua. "Dhahabu nyeupe" nalo limehama, lakini si kila mtu anajua, na anayejua mara nyingi ndiye anayeuza.

Katika magazeti na masoko ya Afrika Mashariki nimekutana na maana tatu za "dhahabu nyeupe." Ya kwanza ni pamba, hasa Tanzania, kwa kuwa iliwaletea wakulima utajiri. Hiyo ni sitiari safi na haimpotezi mtu. Hakuna atakayevaa pamba kidoleni. Ya pili ni dhahabu halisi iliyochanganywa na paladi, nikeli au metali nyingine nyeupe. Ya tatu ni platini. Maana ya pili na ya tatu ndizo zinazogongana, kwa sababu zote ziko katika kabati moja la sonara.

Tofauti yake si ndogo. Dhahabu nyeupe ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani robo tatu yake ni dhahabu kabisa. Mara nyingi hupigwa chapa ya 750, maana yake sehemu 750 katika elfu. Pete ya platini haina lazima ya kuwa na dhahabu hata chembe; chapa yake ya kawaida ni Pt950, yaani sehemu 950 katika elfu ni platini. Kisha platini ni nzito: pete mbili za ukubwa uleule, ile ya platini utaihisi mkononi.

Kuhusu hukumu, wanazuoni wengi wa Kiislamu wameangalia kitu, si jina. Dhahabu iliyogeuzwa rangi bado ni dhahabu, na katazo kwa wanaume liko palepale. Platini si dhahabu, hivyo wengi hawaoni katazo hilo kuihusu. Kadhalika katika zaka: nisabu imewekwa kwa dhahabu, takriban gramu 85, na kwa fedha, takriban gramu 595. Platini haina nisabu yake. Anayeifanyia biashara huhesabiwa kama mfanyabiashara wa bidhaa nyingine. Mwalimu na ampelekee sheikh wake swali hili, lakini asimwambie "dhahabu nyeupe." Amwambie kilichoandikwa kwenye chapa.

Na bei je? Watu wengi wanaamini platini siku zote ni ghali kuliko dhahabu. Imani hiyo ina asili yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Urusi ilipovurugika na viwanda vya baruti vikaihitaji platini, bei ilipita dola 100 kwa aunsi, wakati dhahabu ilikuwa dola 20 na senti 67. Mwaka 1924 akiba kubwa iligunduliwa Afrika Kusini, ambayo hadi leo ndiyo mzalishaji mkuu. Hata jirani zetu wa Ethiopia wamekuwa wakiichimba Yubdo, magharibi mwa nchi, tangu miaka hiyo ya 1920. Mwaka 2008 platini ilipita dola 2,000 kwa aunsi. Lakini tangu mwaka 2015 dhahabu imeipita. Kwa hiyo anayekuambia "hii ni ghali kwa sababu ni platini" anakuuzia habari ya jana. Uliza bei ya leo.

Ukiuliza, jihadhari na neno lingine: wakia. Bei za dunia za metali hizi hutajwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Aunsi ya kawaida ya dukani ni gramu 28.35. Sisi zote tunaziita wakia au aunsi, basi. Anayechanganya hizo mbili anakosea kwa karibu asilimia 10, na kwenye pete ya arusi hiyo si pesa ya chai.

Pendekezo langu

Kwa istilahi, napendekeza tuwe na nidhamu. Metali yenye alama Pt tuiite platini. Wapo wanaosema platinamu, na hilo halina ubaya. "Dhahabu nyeupe" tuliachie mchanganyiko wa dhahabu peke yake. Wakulima wa pamba wabaki na sitiari yao, maana hawamdhuru mtu.

Kiswahili kikikopa jina kwa haraka, huwa kinakopa na utata wake. Kaskazini Mashariki kuna wasichana wengi waitwao Dahabo, jina la Kisomali lililotokana na dhahabu, neno ambalo sisi pia tunalo. Hilo ni jina lililokaa nasi karne nyingi, na hakuna anayeuliza maana yake. Platini ni mgeni aliyeingia juzi kupitia kioo cha sonara. Mgeni huulizwa jina lake, akaitwa hilohilo, asipewe jina la mwenye nyumba.

Mwalimu, igeuze pete. Soma chapa iliyo ndani kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa ni 750, mwache bibi harusi aivae. Ikiwa ni Pt950, mwulize sheikh, kisha mwulize sonara aipime kwa gramu mbele yako. Na ikiwa haina chapa yoyote, weka pesa mfukoni, utafute duka lingine.